Saa ya Barazani kwa Akida

Desemba 2, 1901

Bibi wa misheni amenipa daftari hili asubuhi kabla ya kuanza safari yake. Amesema niandike kila siku ili mkono usisahau. Atarudi mvua zikiisha.

Mimi ni Ruthu binti Matonya. Nimemaliza shule mwezi uliopita. Sijui kusema mbele ya watu. Wengi wakinitazama sauti hurudi tumboni. Ndiyo maana nimepewa watoto wadogo. Mwalimu Seth, mkuu wa shule hii ndogo iliyo kati ya Nzuguni na Buigiri, alisema mbele ya wote, "Huyu binti atafundishwa na watoto." Watu walicheka. Nami nilijaribu kucheka.

Desemba 4

Nimeanza na saa, kama Bibi alivyoagiza. Nimechora namba kwa mkaa juu ya ungo wa mama, nikakata mishale miwili ya bua la mtama, nikaikaza katikati kwa mwiba. Mama ameona. "Makubwa! Ungo wangu sasa unapepeta saa?"

Saa ya shuleni inakwenda kwa hesabu ya Wazungu, wanaoanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi tunaanza jua linapochomoza. Kwa hiyo nimewafundisha watoto hivi: tazama mshale mdogo, kisha vuka ng'ambo ya ungo, namba utakayoikuta huko ndiyo saa yetu. Mshale ukilala kwenye sita, ni saa kumi na mbili.

Yoramu aliuliza, "Mwalimu, huu mkubwa ni baba?"

"Haya, ni baba."

"Mbona anakimbia hivyo?"

Loisi akamjibu kabla yangu, "Anakimbia kodi."

Darasa zima likalala chini kwa kicheko. Loisi ana umri wa miaka saba hivi, hana meno mawili ya mbele, na ndiye anayeelewa kuliko wote.

Desemba 6

Mawingu, lakini hayakuleta kitu.

Desemba 9

Mzungu wa barabara amefika na nyumbu wake na askari. Watu wamekwisha kumpa jina: Bwana Kumi na Mbili. Kila aliyekosa rupia ya kodi atachimba barabara, na kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Baba hana rupia, na mgongo wake umepinda, kwa hiyo kaka yangu Elieza ataenda badala yake.

Mzee mmoja alisema, "Bwana, wakati wa mvua jua halionekani. Tutajuaje?"

Bwana akatoa saa kubwa ya mezani, akampa Akida Abbasi, msimamizi wa serikali hapa kwetu, aiweke barazani kwake. "Sasa hakuna asiyejua," alisema. Akageuka kwa askari Makame, akagusa kiboko chake kwa kidole.

Akida ni mtu wa pwani, mrefu, kanzu yake haina hata doa. Amesema yeye si jogoo wa kuamsha watu. Ameagiza watoto wa shule wapokezane zamu: asome mtoto, na ikifika saa kumi na moja alfajiri ipigwe ngoma, watu watoke majumbani. Mwalimu Seth alikubali kwa furaha. Ananiogopesha anavyokubali mambo ya akida.

Saa ya akida nimelazimika kuifundisha upya. Yeye huiweka kama wafanyavyo kwao: kila jioni jua linapozama, huirudisha mishale yote kwenye kumi na mbili. Saa hiyo haina ng'ambo. Inaposema kumi na moja, ni kumi na moja.

Desemba 12

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Kwetu mvua imenyesha usiku kucha, paa la tembe limevuja juu ya mbuzi. Baba amefurahi. Kesho watapanda uwele.

Desemba 13

Nimepanda mpaka kucha zimejaa udongo.

Desemba 14

Sijui nianze wapi.

Ngoma ilipigwa. Elieza alitoka mara moja. Niliona kwa macho yangu. Nami nilimfuata na kibuyu cha uji, kwa kuwa alikuwa ameondoka bila kula. Mbingu ilikuwa nzito kama ngozi mbichi, huwezi kujua kama kumekucha au bado. Watu wa upande wetu walipofika barabarani, Bwana alikuwa juu ya nyumbu, saa yake mkononi. Aliwaacha wapite mmoja mmoja. Watatu wa mwisho akawazuia. Elieza alikuwa wa mwisho kabisa, maana nyumba yetu ndiyo ya mbali.

"Hamsa ishirini," alisema Bwana, yaani viboko ishirini na tano.

Waliwalaza juu ya gogo. Kiboko hakilii kama fimbo. Kwanza kinapiga mluzi, kisha kinapasua kama kitambaa kinachochanwa. Cha kwanza ngozi iliinuka. Cha tano ilifunguka. Makame alikuwa akihesabu kwa sauti, na alipofika kumi na tisa Bwana alimwuliza kitu, akasahau, akaanza tena kumi na tano. Elieza hakulia mpaka hapo. Alilia kwa ajili ya vile vitano vya ziada.

Kisha akapewa jembe, akachimba mpaka jioni.

Nyumbani mama alimpaka samli. Baba alikaa mlangoni, hakutazama. Alisema, "Jua halijawahi kumchapa mtu."

Desemba 15

Jumapili. Nimeomba lakini nilikuwa nikihesabu.

Desemba 16

Jana jioni mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Leo watu wote wamefika mapema. Makame alilalamika kwamba mkono wake utaota kutu.

Desemba 17

Jua. Hakupigwa mtu. Jioni mawingu yamerudi.

Desemba 18

Wamepigwa tena watatu, na Elieza yumo. Juu ya vidonda vilivyokuwa havijafunga. Safari hii hakuweza kusimama. Methusela, jirani yetu, ambaye naye alikuwa amepigwa, alimbeba mabegani, damu zao zikachanganyika mgongoni mwa Methusela.

Makame alisema wote wasikie, "Mara mbili ni kiboko. Mara ya tatu ni kiboko na mnyororo, mpaka pwani." Kisha akaniona mimi. "Na wewe, binti wa saa, uliwafundisha nini hao watoto? Mimi sijui kusoma saa, lakini kovu nasoma."

Waliokwenda na mnyororo mwaka juzi, hatujamwona aliyerudi.

Desemba 19

Mwalimu Seth aliniita mbele ya madarasa yote. Zamu ya jana alfajiri ilikuwa ya Loisi.

"Huyu mtoto amevuka ng'ambo pasipo na ng'ambo," alisema. "Amewachelewesha watu. Mchape."

Loisi alisema, "Sikuvuka. Mkubwa ulikuwa kwenye kumi na mbili, mdogo kwenye kumi na moja. Nikapiga ngoma."

"Anabisha! Mchape, au nikuchape wewe na yeye."

Nilikuwa nikimfikiria Elieza amelala kifudifudi. Nilichukua fimbo. Nilidhani nitampiga kidogo, lakini mkono ulipoanza haukuwa wangu. Nilimpiga mikononi, mabegani, mguuni. Kila nilipopiga alisema, "Kumi na moja. Kumi na moja." Nilitaka aache kusema. Mwishowe Mwalimu Seth mwenyewe alisema, "Basi, binti, basi."

Alipoondoka alikuwa akichechemea. Sijala.

Desemba 20

Alfajiri nilikwenda mwenyewe. Zamu ilikuwa ya Yoramu. Jana jioni kulikuwa na mawingu mazito. Bwana na Makame wamekwenda kupima barabara mbele, kwa hiyo leo hapigwi mtu.

Shule na baraza la akida vinatazamana. Nilitazama kwanza saa ya shule kwa mwanga wa kijinga cha moto: ilikuwa imepita kumi na moja, inakaribia nusu. Nikavuka uwanja mbio. Saa ya barazani ilikuwa kumi na moja kamili, na Yoramu anainua mkwiro.

Saa ya shule Mwalimu Seth aliiweka kwa kuitazama ile ya Bwana siku alipofika.

Loisi alisoma sawasawa. Saa ndiyo iliyolala, imebaki nyuma.

Desemba 21

Jana jioni mbingu ilikuwa safi. Leo alfajiri saa zote mbili zimekubaliana. Nikakumbuka. Kila siku watu walipopigwa, jioni iliyotangulia ilikuwa na mawingu.

Leo jioni kumefunga tena. Nilijisingizia kupeleka kuni kwa Bi Mwamvua, mke wa akida. Akida alikuwa amesimama uani, tende mkononi, akitazama magharibi ambako hapakuwa na kitu cha kutazama. Giza liliingia. Aliendelea kusimama. Tulikuwa tumekwisha kuwasha moto, popo wametoka, yeye bado.

"Bi Mwamvua, kwa nini hali?" niliuliza.

"Mwanangu, saumu haifunguliwi kwa kubahatisha. Penye wingu tunangoja mpaka moyo utulie. Afadhali njaa kidogo kuliko kuharibu siku nzima." Akanipa tende mbili. "Kula wewe, ambaye hufungi."

Ndipo akida aliposema "Bismillahi," akatia tende mdomoni, akaenda moja kwa moja kuirudisha saa kwenye kumi na mbili, na jua lilikuwa limezama kitambo.

Nilimtazama usoni. Nilikuwa nimemdhania mtu mbaya anayetupunja kwa makusudi. Alikuwa mtu mwenye njaa tu, anayemwogopa Mungu.

Desemba 22

Baada ya ibada nilimwambia Mwalimu Seth. Alifunga mlango kwanza.

"Unataka nikamwambie akida kwamba hajui jua linapozama? Mwezi huu? Unajua atasema nini? Atasema wanafunzi wa misheni wanaitukana saumu yake. Atafunga shule. Nyamaza."

"Mwalimu, wewe umwambie Bwana tu asogeze..."

"Nyamaza, Ruthu. Si ndicho unachokiweza?"

Nilikwenda kwa akida mwenyewe. Nilisema, "Shikamoo, akida." Akajibu, "Marahaba, binti. Sema." Sikusema. Nilisimama mpaka akacheka, akaingia ndani.

Desemba 23

Mawingu jana jioni. Nilijua tangu nilipofumbua macho.

Nilimwambia Elieza atoke kabla ya ngoma. Hakuweza, mgongo ulikuwa umeshikana na nguo, mama akawa anaulowesha kwa maji ya vuguvugu. Tulipofika, Bwana alikwisha kuwatenga wawili. Elieza akawa wa tatu. Makame akaenda kuchukua mnyororo. Hakuuleta mikononi, aliuburuza kwenye changarawe ili tuusikie.

Nilisema, "Bwana."

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, nikajisikia nikipiga kelele, "Bwana! Saa ya akida imelala!"

Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. "Nani anasema?"

"Mimi. Itazame, Bwana. Ilinganishe na yako."

Akageuza nyumbu, sote tukamfuata barazani. Akaweka saa yake kando ya ile ya mezani. Alikaa muda mrefu akizitazama, na shingo yake ikawa nyekundu polepole.

Nilidhani atasogeza mshale. Mungu anajua, nilidhani atasogeza mshale tu, basi.

Alisema, "Akida, vua."

Akida Abbasi aliivua kanzu yake, akaikunja vizuri mara nne, akaweka kofia juu yake. Bi Mwamvua alitoka ndani akaanguka magotini. Bwana alitazama watu, akamnyooshea kidole Elieza. "Wewe. Wewe utapiga."

Elieza hakuweza hata kunyoosha mgongo. Lakini alipokishika kiboko alinyooka. Sijawahi kumwona kaka yangu hivyo. Alipiga kwa meno yaliyouma mdomo, damu ya midomo yake ikamtiririka kidevuni, na vidonda vyake mwenyewe vikafunguka kila alipoinua mkono. Akida hakulia, alikuwa akisoma kitu cha dini, sauti ikikatika kila pigo, akianza tena pale ilipokatika. Bwana mwenyewe ndiye aliyehesabu, na hakukosea. Ishirini na tano. Elieza akainua tena, akapiga. Hicho cha ishirini na sita hakuna aliyekiagiza.

Bwana alicheka. Alisema kwamba leo Elieza hana hatia, ila mara zake mbili zinabaki pale pale. Akamvua Abbasi uakida, kesho akachimbe na wengine.

Nilipokuwa naondoka Bi Mwamvua alinishika nguo. "Umekula tende zangu, Ruthu, ukaenda kumuuza mume wangu." Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga.

Desemba 24

Bwana ameiweka saa kwa hesabu yake na amekataza mtu kuigusa jioni. Mlinzi wa saa ni mimi. Watu wote watakusanyika barazani, na atakayechelewa nitamtaja. Mwalimu Seth leo ameniita "Mwalimu Ruthu."

Desemba 25

Kristo amezaliwa. Elieza hakuja kanisani. Alikula vizuri.

Desemba 27

Loisi amerudi darasani. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake. Nilisema, "Saa ikisema kitu, usiogope mtu yeyote, sema kilichosemwa na saa. Hata mimi usiniogope." Aliitikia kwa kichwa, akataka kujua kama sasa tunavuka tena ng'ambo.

"Ndiyo, hii sasa inavukwa."

"Saa hizi hazijui zinachotaka," alisema.

Desemba 28

Abbasi anachimba. Makame humsalimu kila asubuhi, "Shikamoo, akida!" huku akimsukuma kwa kitako cha bunduki. Bado anafunga. Jua la leo limekuwa kali, hakunywa tone.

Desemba 31

Bwana ana homa, yumo hemani. Makame ndiye mkubwa sasa.

Januari 1, 1902

Mvua kubwa. Elieza na baba wamepanda shamba la ng'ambo ya korongo.

Januari 2

Naandika kwa mkono wa kushoto, na mdomo umevimba mpaka jicho moja limefunga, lakini nitaandika.

Mvua haikukatika usiku kucha. Alfajiri watu walikusanyika barazani, Loisi zamu yake, mimi kando ya saa. Elieza hakuwapo. Alikuwa ametoka kabla ya wote kwenda kuuzibua mfereji ili mbegu zisisombwe, na maji ya korongo yakajaa nyuma yake, yakamzibia njia ya kurudi.

Mshale mkubwa ulifika kumi na mbili. Makame alikuwa amejikinga chini ya paa, akitafuna kitu. "Bado nani?" Nilisema, "Subiri." Mshale ukapita moja. Ukafika mbili.

Ndipo tulipomwona. Matope mpaka kifuani, kiatu kimoja, anakimbia kama mtu mzee.

Makame akashuka. "Mwalimu. Saa ngapi?"

Niliitazama saa. Nilimtazama kaka yangu. Sauti haikurudi tumboni. Ilitoka nzuri, pana, kama ya Mwalimu Seth. Nilisema, "Saa kumi na mbili kamili."

"Kaka yako ana bahati na saa."

"Ni kamili," alisema mtu mwingine. Alikuwa Abbasi. Alisimama na jembe begani, kanzu imeganda mgongoni palipopasuliwa na Elieza. "Naijua saa tangu utoto. Ni kumi na mbili kamili."

Sijui kwa nini alisema. Nimemfikiria mchana kutwa, sijui.

Makame alicheka mpaka akakohoa. "Aliyepigwa na aliyempiga wamekuwa ndugu? Hapana. Hapana, hapa pana kitu." Akainama, akamshika Loisi kidevu kwa upole kabisa. "Wewe mtoto. Hujui kusema uongo. Nisomee."

Loisi alinitazama. Nadhani nilitikisa kichwa, kidogo sana. Sina hakika kama aliona. Aligeukia saa, akaweka mikono nyuma kama nilivyowafundisha kusimama, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Mshale mdogo uko kwenye sita. Tunavuka ng'ambo: kumi na mbili. Mshale mkubwa uko kwenye mbili. Saa kumi na mbili na dakika kumi."

Kisha akatabasamu na pengo lake, akingoja nimsifu.

Makame alinipiga mimi kwanza, kwa mpini wa kiboko, mdomoni. Nilipoinua mkono akanivunja kidole. Abbasi alipata kumi kwa uongo. Elieza alipata ishirini na tano, na hakuna aliyesahau hesabu. Walipomfunga mnyororo shingoni alikuwa hajui yuko wapi, alikuwa akimwuliza mama kama mfereji umefunguka. Mama alitembea nao mpaka askari walipomgeuza kwa bunduki. Wamekwenda njia ya mashariki kabla ya adhuhuri, na mvua ikawa imekatika.

Januari 3

Hakuna shule. Nimelala.

Alasiri Loisi alikuja na mama yake, na maziwa ya mgando. Mama yake alibaki nje na mama, nilisikia wote wawili wakilia. Loisi alikaa karibu na kichwa changu.

"Mwalimu," alisema, "nilikosea?"

Baba alikuwa pale mlangoni. Aligeuka kunitazama.

Nilisema, "Hapana. Ulisoma vizuri."

Lakini midomo imevimba, neno halikutoka sawasawa, naye akainamisha sikio akasema, "Ee?" Ikabidi nilirudie.